Mwongozo wa Kufundisha Matumizi Salama ya Barua Pepe Chuo Kikuu

Ushauri uliozoeleka kuhusu barua pepe, "usifungue barua ya mtu usiyemjua", haufai chuo kikuu. Ofisi ya udahili inaishi kwa kufungua barua za watu isiowajua. Mhadhiri huandikiwa na watafiti ambao hajawahi kuonana nao, mwanafunzi hupata tangazo la ufadhili kutoka taasisi ambayo ndiyo kwanza anaisikia, na mhasibu hupokea ankara za wazabuni wapya. Ukiwaambia wote hawa wasifungue, watakusikiliza kwa adabu kisha watarudi kwenye kazi zao na kufungua kama kawaida.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa TEHAMA, wakutubi, maofisa utumishi na viongozi wa wanafunzi waliokabidhiwa kazi ya kufundisha. Kuna tabia nyingi za kufundisha, lakini moja inazidi zote: mtu akiitilia shaka barua, au akiwa ameshabofya, atoe taarifa papo hapo bila woga. Tabia nyingine hupunguza idadi ya wanaonaswa. Hii ndiyo inayoamua kama aliyenaswa mmoja atabaki mmoja au atawavuta wenzake mia.

Hatua ya 1: Anzeni na mifumo na barua zenu wenyewe

SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, ilitolewa mwaka 1982, mtandao ulipokuwa wa watu wachache. Haikuwekewa njia ya kuhakiki kwamba anayejiita mtumaji ndiye kweli. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuandika jina la makamu mkuu wa chuo kwenye sehemu ya mtumaji, na barua ikaondoka. Kinga tatu zilikuja baadaye kuziba pengo hilo, na zote hutangazwa kwenye rekodi za DNS (daftari la umma la majina ya mtandao) za kikoa cha chuo, yaani jina la chuo mtandaoni:

- SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la chuo.
- DKIM huitia kila barua sahihi ya kidijitali ambayo seva inayopokea inaweza kuikagua.
- DMARC huiambia seva inayopokea ifanye nini barua isipopita ukaguzi: iipokee na kutoa ripoti tu (p=none), iitupe kwenye barua taka (p=quarantine), au iikatae kabisa (p=reject).

Chuo hukwama kirahisi kwenye p=none. Kitivo kimoja kinatumia huduma ya nje kutuma majarida, maabara nyingine ina seva yake iliyosahaulika chini ya meza, ofisi ya wahitimu ina mfumo wake wa kuomba michango. Mkiruka moja kwa moja hadi p=reject, barua halali za watu hawa zitaanza kupotea na lawama zitawaangukia ninyi. Kaeni kwenye p=none huku mkisoma ripoti za DMARC hadi muwe na orodha kamili ya kila huduma inayotuma kwa jina la chuo. Isajilini moja baada ya nyingine, kisha pandeni hadi quarantine, na mwisho reject. Jihadharini na orodha za majadiliano (anwani moja inayosambaza barua kwa wanachama wote): zikiongeza maneno kwenye kichwa au mwisho wa barua, sahihi ya DKIM huvunjika na barua halali huonekana ya bandia.

Hata baada ya hapo, kumbukeni kwamba kinga hizi hazizuii barua inayotoka kwenye akaunti halisi iliyoibwa. Tapeli akipata nywila ya mwanafunzi mmoja, barua zake zinapita ukaguzi wote, maana zinatoka kweli kwenye seva za chuo. Msimfundishe mtu kwamba barua ya kutoka ndani ni salama. Huo ni uongo utakaomponza.

Jambo la pili ni barua mnazotuma ninyi wenyewe, na hapa ndipo mafunzo mengi huharibika. Ofisi ya utumishi inatuma tangazo lenye kichwa "HARAKA: jaza fomu kabla ya saa kumi", kiungo chake kimefupishwa, na anwani ya mtumaji ni ya kampuni ya nje ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Barua hiyo ni halali, lakini kila dalili mliyofundisha imo ndani yake. Wafanyakazi wanajifunza kutokana na kinachowafikia kila siku kuliko kutokana na semina. Basi wekeni kanuni za barua rasmi na mzisimamie: hakuna kiungo cha kuingilia kwenye akaunti, badala yake elezeni njia ("ingia kwenye tovuti ya chuo, chagua Utumishi, kisha Likizo"). Barua itoke kwenye anwani ya chuo. Mwishoni pawepo jina la ofisi na namba ya simu inayopatikana pia kwenye orodha ya simu za chuo. Mkilazimika kutumia huduma ya nje, kwa mfano ya utafiti wa maoni, tangazeni kabla kwenye tovuti ya chuo.

La tatu: wekeni njia moja tu ya kutoa taarifa. Iwe kitufe ndani ya programu ya barua, au anwani moja fupi ambayo mtu anaikumbuka bila kuitafuta. Nyuma ya njia hiyo lazima awepo mtu anayejibu. Anayetoa taarifa akikosa jibu mara mbili, hatatoa ya tatu. Jibu la mstari mmoja linatosha: "Asante, ni ya kitapeli, tumeshaiondoa kwa wote", au "Asante, hii ni halali, unaweza kuendelea". Hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza, kwa sababu linamwonyesha kwamba kuuliza si kosa.

Hatua ya 2: Jueni nani anawindwa kwa chambo gani

Somo moja kwa watu wote halimgusi yeyote. Ligawanyeni.

Wanafunzi huwindwa kwa ajira. Barua inatangaza kazi ya msaidizi wa utafiti, saa chache kwa wiki, malipo mazuri kupita kiasi, na mara nyingi imetumia jina la mhadhiri wa kweli. Mwanafunzi akijibu, anaombwa waendelee na mazungumzo nje ya barua ya chuo, kwenye WhatsApp au anwani binafsi, ambako chuo hakioni. Kinachofuata ni hundi: aiweke benki, abaki na posho yake, kiasi kingine akitume kwa "muuza vifaa". Benki huonyesha fedha kabla hundi haijathibitika. Siku kadhaa baadaye hundi inagundulika ni ya bandia, benki inarudisha kiasi chote kutoka kwenye akaunti ya mwanafunzi, na alichotuma kimeshapotea. Pale ambapo hundi hazitumiki, chambo hubadilika kuwa ada ya maombi au ya vifaa inayolipwa kwanza. Kanuni ya kumfundisha ni fupi: mwajiri wa kweli hakupi fedha ili umtumie mtu mwingine, wala hakudai fedha ili akuajiri.

Makatibu muhtasi na wahadhiri wapya hupokea ujumbe mfupi wenye jina la mkuu wa idara: "Uko ofisini? Niko kwenye mkutano, siwezi kupokea simu. Nahitaji msaada wa haraka." Hakuna kiungo, hakuna kiambatisho, kwa hiyo vichujio huwa havioni kitu. Ukijibu, unaombwa ununue kadi za zawadi na utume picha za namba zake. Wanapochaguliwa hawa si kwa bahati mbaya: majina na vyeo vyote vipo kwenye tovuti ya idara, na mtu mpya huona haya kumhoji bosi.

Ofisi ya fedha huwindwa kwa mabadiliko ya akaunti ya benki. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha MacEwan nchini Kanada kililipa dola za Kanada milioni 11.8 kwa matapeli waliojifanya mmoja wa wazabuni wake na kuomba malipo yaelekezwe kwenye akaunti mpya. Sehemu kubwa ilipatikana baadaye, lakini kosa lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa: hakuna aliyempigia mzabuni simu kuuliza. Mbinu hiyohiyo huelekezwa kwenye mishahara, ambapo ofisi ya utumishi inaandikiwa na "mhadhiri" anayetaka mshahara wake upelekwe benki nyingine kuanzia mwezi huu.

Watafiti huwindwa kupitia maktaba na sifa zao za kitaaluma. Mashtaka yaliyotangazwa Marekani Machi 2018 dhidi ya Wairani tisa yalieleza jinsi akaunti za wahadhiri zilivyoibwa katika vyuo vikuu 144 vya nchi hiyo na 176 vya nchi nyingine 21. Barua zilionekana kutoka kwa wahadhiri wenzao wa vyuo vingine: nimesoma makala yako, imenivutia, tazama pia hizi. Viungo vilimpeleka msomaji kwenye ukurasa uliofanana na ule wa kuingilia chuoni kwake. Mtu anayesifiwa kazi yake haangalii anwani.

Hatua ya 3: Chagueni tabia chache, mzifundishe kwa undani

Acheni kufundisha watu kutafuta makosa ya sarufi na tahajia. Siku hizi tapeli anaweza kuandikiwa barua safi katika lugha yoyote ndani ya sekunde chache, na barua safi sasa inawapumbaza wale waliofundishwa dalili ile ya zamani. Fundisheni hizi.

Uliza barua inataka nini. Kabla ya kuangalia nani ametuma, angalia unachoombwa. Barua za hatari huomba vitu vichache: nywila au namba ya uthibitisho, fedha au mabadiliko ya akaunti ya benki, kufungua faili, au kuhamia mawasiliano ya nje. Barua isiyoomba chochote kati ya hivyo haihitaji uchunguzi mrefu. Inayoomba, hata ikitoka kwa rafiki, inahitaji.

Soma anwani, si jina. Kwenye simu programu nyingi huonyesha jina pekee. Gusa jina hilo ili anwani ifunguke. Angalia pia anwani inayojitokeza unapobonyeza kujibu, kwa sababu barua inaweza kuonyesha mtumaji mmoja na kuelekeza majibu kwa mwingine.

Soma kiungo kabla ya kubofya. Hili lipewe muda mrefu kuliko yote, kwa sababu ni ujuzi, na ujuzi huja kwa mazoezi. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubofya. Anwani halisi hutokea pembeni au chini ya dirisha. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie hadi anwani ionekane. Tuseme kikoa cha chuo ni chuokikuu.example. Linganisha hizi:

https://barua.chuokikuu.example/ingia
https://barua.chuokikuu.example.thibitisha.example/ingia
https://chuokikuu.example@thibitisha.example/ingia
https://barua.chuokikuu-ingia.example/

Ya kwanza tu ndiyo ya chuo. Namna ya kusoma: ruka "https://", nenda mpaka kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto. Vipande viwili vya mwisho kabla ya mkwaju ndivyo mwenye nyumba, yaani mwenye tovuti. Vikoa kama vile vya ac.uk vina vipande vitatu, kwa hiyo waambieni watu wenu idadi inayohusu kikoa cha chuo chenu. Katika mfano wa pili mwenye nyumba ni thibitisha.example, jina la chuo limewekwa mbele kama pambo. Katika wa tatu, kila kilicho kabla ya alama ya @ hakihesabiki. Katika wa nne kistari kimeunda kikoa kingine kabisa, maana kistari hakitenganishi vipande, nukta ndiyo inayotenganisha. Watu wengi husoma kuanzia kushoto na kutulia wanapoona jina wanalolijua, na matapeli wanaandika viungo vyao kwa ajili ya jicho hilo.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari isitajwe kama dalili ya usalama. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefumbwa njiani. Tovuti ya kitapeli huipata bure kama tovuti nyingine yoyote. Misimbo ya QR nayo ni viungo vilivyofichwa ndani ya picha. Barua inayokutaka uskani msimbo kwa simu ili "uthibitishe akaunti" inakutoa kwenye kompyuta ya chuo yenye ulinzi na kukupeleka kwenye simu yako isiyo nao.

Pita njia yako mwenyewe. Barua ikisema akaunti yako ya maktaba inakwisha muda, funga barua, fungua kivinjari, andika anwani ya maktaba au tumia alamisho uliyoihifadhi. Kama kweli kuna jambo, utalikuta huko. Tabia hii peke yake inafanya kusoma viungo kuwe kinga ya pili badala ya kuwa ya pekee.

Fedha zithibitishwe kwa njia nyingine. Mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki, ya mzabuni au ya mtumishi, yathibitishwe kwa simu, na namba itoke kwenye mkataba au kumbukumbu za zamani, si kwenye barua iliyoleta ombi. Mtu wa pili aidhinishe. Utaratibu huu uandikwe na kutiwa saini na mkuu wa fedha, ili karani anayempigia simu mkurugenzi kumhoji awe anafuata kanuni, si kuonyesha utovu wa heshima.

Viambatisho: faili lenye mwisho wa .html au .htm linalojifungua kama ukurasa wa kuingilia, faili la .zip lenye nywila iliyoandikwa ndani ya barua hiyohiyo, na hati ya Word au Excel inayokuomba uruhusu makro (vijiprogramu vilivyomo ndani ya hati), yote yasifunguliwe. Nywila ile ya .zip imewekwa ili programu ya kukagua virusi isiweze kuchungulia ndani.

Hatua ya 4: Nywila na uthibitisho wa hatua mbili

Acheni kuwalazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na ushauri huo katika mwongozo wake wa 2017, kwa sababu mtu akilazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu. Nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Takeni urefu: maneno manne au matano yasiyohusiana, herufi 15 au zaidi, na isitumike kwingine kokote.

Wapeni watu programu ya kutunza nywila na mwaelezee faida yake ambayo haisemwi vya kutosha: haijazi nywila kwenye tovuti yenye kikoa tofauti. Macho yanaweza kudanganywa na chuokikuu-ingia, programu haidanganyiki. Ikikataa kujaza mahali inapojaza kila siku, hiyo ni kengele. Asimame, asinakili nywila kwa mkono.

Uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayokuja kwenye simu) uwe lazima kwa wote, wanafunzi wakiwemo. Lakini msiuelezee kana kwamba unamaliza kila kitu. Kuna kurasa za bandia zinazokaa katikati: unaandika nywila, ukurasa unaipeleka kwenye tovuti halisi, unaandika namba ya uthibitisho, nayo inapelekwa, kisha tapeli anabaki na kidakuzi cha kivinjari kinachomruhusu kuingia bila kuulizwa tena. Namba ya SMS na namba ya programu zote hunaswa hivyo. Ufunguo wa usalama wa kuchomeka na ufunguo wa siri (passkey) uliohifadhiwa kwenye simu au kompyuta huepuka mtego huu kwa sababu vimefungwa kwenye kikoa halisi na havijibu kikoa kingine. Kama bajeti haitoshi kwa wote, anzeni na wasimamizi wa mifumo, ofisi ya fedha, utumishi na viongozi wa juu pamoja na wasaidizi wao.

Wale wanaotumia kitufe cha "kubali" kwenye simu wafundishwe kwamba ombi linalokuja bila wao kuingia popote lina maana moja: mtu mwingine ana nywila yao sasa hivi. Wakatae, watoe taarifa, wabadilishe nywila. Mshambuliaji huweza kutuma maombi mfululizo usiku wa manane akitegemea kwamba uchovu utabonyeza. Mfumo ukiweza kumtaka mtu aandike namba inayoonekana kwenye skrini, washeni hilo.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe

Dakika 40, watu 15 hadi 25, wa kundi moja. Andaeni barua nane zilizochapishwa: tano za kitapeli na tatu halali. Halali ni lazima ziwepo. Bila hizo mnafundisha watu kuogopa kila kitu, na mtu anayeogopa kila kitu huacha kusoma barua za chuo.

Dakika tano za kwanza, onyesheni barua ya kitapeli iliyofika chuoni kwenu kweli, majina yakiwa yamefutwa, na mseme ilitaka nini. Dakika kumi, viungo: andikeni viungo sita ubaoni na kila mtu apigie mstari mwenye nyumba. Msiseme jibu mpaka wote wamepiga mstari. Dakika kumi, wawili wawili wazigawe zile barua nane na kueleza sababu. Dakika kumi zinazofuata kila mtu ashike simu yake: afungue anwani ya mtumaji, abonyeze na kushikilia kiungo, kisha atume taarifa ya majaribio kwenye anwani yenu na apate jibu palepale akiwa ameketi. Mkono ulioshafanya mara moja haubabaiki siku ya tukio. Dakika tano za mwisho ni za maswali.

Mapungufu ya kawaida ya kipindi ni mawili. La kwanza ni kuzungumza juu ya virusi na wadukuzi kwa dakika 30, kisha kukimbiza mazoezi. La pili ni kucheka mifano ya watu walionaswa. Yumo chumbani aliyenaswa na hajasema. Mkicheka, hatasema tena.

Hatua ya 6: Barua za majaribio, kwa tahadhari

Kutuma barua za kitapeli za kujipima ni kawaida sasa, lakini utafiti wa ETH Zurich uliochapishwa 2021, uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, ulionyesha kwamba kumpa aliyebofya ukurasa wa mafunzo papo hapo hakukumfanya awe imara zaidi. Wengine walizidi kunasika. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba taarifa za wafanyakazi wenyewe zilifaa kugundua barua mpya haraka. Kwa hiyo tumieni majaribio kupima utoaji taarifa, si kuwinda wakosaji.

Msitumie chambo cha nyongeza ya mshahara, ufadhili au matokeo ya mtihani. Mwanafunzi aliyekosa karo akiahidiwa msaada wa uongo na chuo chake mwenyewe, mmempoteza. Majina ya waliobofya yasipelekwe kwa wakuu wao. Takwimu mbili ndizo za kuangalia: taarifa ya kwanza ilifika baada ya dakika ngapi, na wangapi walitoa taarifa. Asilimia ya waliobofya hupanda na kushuka kulingana na ugumu wa barua mliyoitunga, kwa hiyo haiwaambii mengi.

Hatua ya 7: Tabia za anayetuma

Uvujaji mwingine wa siri haumhitaji tapeli. Anwani za barua ya wanafunzi wengi ziwekwe kwenye Bcc (sehemu ya nakala iliyofichwa), la sivyo kila mmoja anaona anwani za wote. Programu hujaza jina la mpokeaji yenyewe, na majina yanayofanana yapo mengi chuoni; andika anwani mwisho, baada ya kumaliza barua na kukagua kiambatisho. Jedwali la Excel lenye alama za darasa zima linaweza kuwa na safu zilizofichwa au karatasi ya pili ambayo mtumaji ameisahau. Alama, taarifa za afya na nakala za vitambulisho zishirikishwe kwa kiungo cha folda ya chuo yenye ruhusa ya watu waliotajwa, maana ruhusa inaweza kuondolewa. Kiambatisho kikishatoka hakirudi.

Hatua ya 8: Mtu akishanaswa

Chapisheni maelekezo haya kwenye ukurasa mmoja na myabandike ofisini, maabara ya kompyuta na maktaba. Mpangilio una maana.

1. Piga simu au tuma taarifa mara moja. Usifute barua, inahitajika ili kutafuta nakala zake kwa wengine.
2. Kama ulifungua faili, tenganisha kompyuta na mtandao, lakini usiizime, kwa kuwa kilichomo kwenye kumbukumbu yake kinaweza kuwasaidia wachunguzi.
3. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, na popote pengine ulipoitumia.
4. Ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia. Kubadilisha nywila tu huenda kusimwondoe aliyeiba kidakuzi.
5. Kama ulituma fedha au namba za kadi, piga simu benki muda huohuo.

Baada ya hapo ni zamu ya TEHAMA, na hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Fungueni mipangilio ya akaunti iliyoibwa na mtazame kanuni za kupanga barua. Mshambuliaji hupenda kuweka kanuni inayozihamisha barua zenye maneno kama "malipo" au "ankara" kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, au inayozituma kwa anwani ya nje. Mwenye akaunti anabadilisha nywila, anadhani yamekwisha, na nakala zinaendelea kutoka. Kagueni pia namba ya simu ya kurejesha akaunti, vifaa vipya vya uthibitisho vilivyosajiliwa, na programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Ruhusa hiyo hubaki hai hata nywila ikibadilika. Kisha tafuteni barua ileile kwenye vikasha vya chuo kizima na muiondoe.

Msidharau tukio kwa sababu "hakuna kilichotokea". Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kilifungiwa mifumo yake na washambuliaji tarehe 23 Desemba 2019, kikawalipa bitcoin 30 (sarafu ya kidijitali) ili ifunguliwe, lakini mlango ulifunguliwa katikati ya Oktoba, kwa barua pepe. Zaidi ya miezi miwili ilipita washambuliaji wakiwa ndani. Wala msiwaahidi watu kwamba kutobofya kunatosha kila mara: katika shambulio la Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mwaka 2018, barua iliyoanzisha yote ilitazamwa tu, bila mtu kubofya kiungo wala kufungua kiambatisho. Barua ya ajabu itolewe taarifa hata kama hukuigusa.

Hatua ya 9: Ratiba na akaunti za wanaoondoka

Wanafunzi wapya wafundishwe wiki ya mafunzo elekezi, siku wanapopewa akaunti, kabla ya kuanza kuitumia. Ofisi ya fedha ipate kipindi kabla ya kufunga mwaka wa fedha, na wanafunzi wote wakumbushwe kwa ujumbe mfupi wakati wa malipo ya karo na wa kutoka matokeo, maana matapeli nao wana kalenda ya chuo; ipo kwenye tovuti.

Akaunti za wahitimu, wastaafu na wahadhiri wa muda zipangiwe tarehe ya kufungwa siku zinapofunguliwa. Akaunti isiyo na mtu anayeisoma haina wa kugundua kwamba imeibwa, na barua zake bado zinatoka kwa jina la chuo. Mkiamua kuwaachia wahitimu anwani zao, ziwe kwenye kikoa kidogo cha pekee na uthibitisho wa hatua mbili ubaki lazima. Kila muhula ofisi ya utumishi na masijala walete orodha ya walioondoka, na kitengo cha TEHAMA kifunge ndani ya siku saba.